Chupa Namba Kumi na Saba

Miyuji, Dodoma
6 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi kaa kwanza kwenye kigoda chako, pale ukutani jua la asubuhi linapopiga, maana barua ni ndefu na nakujua, ukisoma umesimama utaikatiza ukaangalie sufuria. Hujambo? Magoti yanaonaje baridi ya mwezi huu? Baba na ng'ombe wake wanaendeleaje? Uwele mmemaliza kupura, au bado umelala uwanjani? Huku upepo unavuma kutwa, nafunga dirisha na bado vumbi linanikuta kitandani. Ila mimi ni mzima, nakula, nacheka peke yangu njiani hadi watu wananigeukia. Nina furaha, mama, na nataka nikupe yote, lakini ina mkia mrefu nyuma yake, kwa hiyo nivumilie.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ni ya wifi Paulina, na wifi akipokea anaweka sauti ya juu, kila anayepita uani anachangia. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya tumbo lako, akanijibu mtu aliyekuja kuomba chumvi. Haya ya leo ni yako peke yako. Anakuletea mdogo wako, Mjomba Silvano, aliyekuja mjini kufuata miwani na kesho anarudi. Bahasha nitaibandika gundi mara mbili. Tangu avae hiyo miwani anasoma kila kitu, jana kasoma karatasi ya sabuni mwanzo mpaka mwisho, na kwa sauti.

Umekuwa ukiniuliza nafanya nini hasa huko chuoni, mimi najibu napima damu, halafu wewe unawatangazia watu kwamba mwanao ni nesi. Leo nakueleza vizuri.

Wewe unaniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, bibi Anyesi. Nilikuwa darasa la tano kansa ilipomshika kooni. Nakumbuka ulivyokuwa unamkorogea uji, wiki hii mzito kidogo, wiki inayofuata mwepesi, hadi ukawa kama maji ya kusuzia sufuria na bado haupiti. Tulipomfikisha hospitali wakasema tumechelewa. Neno hilo lilinikaa moyoni, mama, na ndilo lililonifikisha maabara. Natafuta kitu kwenye damu kitakachotuambia mapema, mtu angali anakula ugali wake na kugombana na majirani.

Kitu chenyewe kinaitwa mikroRNA. Jina halina ladha, wewe viite vile vidogo. Ni vidogo kiasi kwamba hata hadubini yetu ya maabara haivioni, tunavihesabu kwa mashine. Sasa sikiliza. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina kitabu kile kile cha maagizo, kizima, hakuna ukurasa uliochanwa. Seli ya jicho na seli ya kisigino zina kitabu kimoja. Kwa nini basi kisigino hakioni? Fikiria kwaya yenu. Wote mna kitabu kile kile cha nyimbo, lakini mwalimu Elieza akiinua kiganja, besi wananyamaza, akikishusha wanaingia. Kila mmoja angeimba kila alichokiona kwenye ukurasa, siku ya Pasaka watu wangelikimbia kanisa. Vile vidogo ndivyo kiganja cha mwalimu. Havitengenezi chochote, kazi yao ni kudaka ujumbe unaotoka kitabuni na kuunyamazisha, ili jicho libaki jicho na ini libaki ini. Hata mtoto tumboni, moyo wake haujengeki sawasawa kama vile vidogo havipo kusema huyu anyamaze, sasa yule aendelee.

Na vikipungua au vikizidi, basi vurugu. Seli iliyotakiwa kutulia inaanza kuzaliana ovyo, na moja ya vurugu hizo ndiyo ile iliyomchukua bibi. Kizuri ni kwamba vile vidogo vinavuja vikaingia kwenye damu, hivyo tunaweza kuvihesabu bila kumpasua mtu. Tunahesabu vya wagonjwa, tunahesabu vya wazima, tunalinganisha. Ndiyo maana mwezi wa tano nilikuja kijijini na lile gari la chuo kuchukua damu za watu wazima wenye afya, watu kumi na saba, na mkatulisha kuku kama tumekuja kuposa.

Mwanzoni mwa Juni majibu yakatoka. Damu kumi na sita zilikuwa safi kama nilivyotegemea. Ya kumi na saba, jamani! Vidogo viwili ninavyovifuatilia kwenye kansa ya koo vilikuwa vimejaa humo kuliko hata kwa wagonjwa wenyewe waliolazwa. Nilirudia hesabu mara tatu. Nilibadilisha dawa ya mashine, nikasafisha meza, nikarudia tena. Yale yale. Nikakaa kwenye stuli, maana kama mashine ilisema kweli, kuna mtu wa kijijini kwetu anayetembea na ugonjwa wa bibi na hajui.

Kuanzia siku ile sikuwa mtu. Nilitia chumvi kwenye chai. Nurdini, kijana wa Kondoa ninayefanya naye kazi, mpole lakini mdomo wake hauna breki, aliniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nikamjibu vibaya hadi leo naona haya. Ndizo wiki zile nilizokuwa nakupigia simu asubuhi na jioni, mama. Nikakuuliza kama ugali unapita vizuri, ukanijibu kwamba mlenda unajipitisha wenyewe, hauhitaji kuulizwa. Nikakukataza chai ya moto. Nikakukataza na uji wa moto. Ukakasirika, ukasema mimi nimekuwa mkwe wa kuhesabu matonge ya watu, na kwamba chai ya uvuguvugu wanywe wanaopenda kuoga nayo. Wifi akacheka hadi simu ikakatika. Mimi huku nilikuwa nalia, mama. Niliandika hata barua ya kuacha masomo nirudi nyumbani, nikaiweka chini ya godoro.

Basi tarehe ishirini na moja Juni, Jumamosi, akaja Mjomba. Unakumbuka siku ya gari la chuo alipewa lifti aje kupimwa macho, sasa alikuwa amerudi kuchukua miwani, akaambiwa haijafika. Akaja kwangu mchana amenuna. Nikamsongea ugali wa uwele, nikamwekea mlenda, akaanza kuchangamka. Alipofika tonge la tatu akaniuliza ile damu aliyoibeba ilifika salama? Nikamwambia ilifika. Akasema lazima ifike, kwani aliibeba nani?

Hapo, mama, nikukumbushe siku ile ilivyokuwa. Wewe uligoma kuchomwa sindano kabla wageni hawajala. Watu kumi na sita wametolewa damu, boksi la barafu limefungwa na plasta, limepandishwa garini, wewe bado unagawa mapaja ya kuku. Nesi akakuchomea mlangoni mwa gari, mkono mmoja umeshika upawa. Mimi nikaona nikifungua boksi baridi itatoka, nikaifunga ile chupa moja kwenye kitambaa chenye barafu, nikampa Mjomba aishike. Nikakaa mbele na dereva, yeye akakaa nyuma na kuku wa zawadi.

Sasa Mjomba, huku analamba vidole, akanieleza. Alisema aliniona nikiigeuza chupa ile mara nane, taratibu, halafu nikaacha, naye akanisikitikia kwamba shule imenilegeza mkono. Yeye hakuna sherehe kijijini aliyokosa kuchinja. Damu ya mbuzi ikishakingwa kwenye beseni inakorogwa bila kupumzika, ukipumzika tu imeganda, na ikiganda umewaaibisha wapishi. Kama ya mbuzi inaheshimiwa hivyo, ya dada yake je? Basi akaamua kuimalizia kazi niliyoiacha njiani. Kuanzia kijijini mpaka Ihumwa, mlangoni mwa mjini, aliitikisa, mama. Aliitikisa! Mkono wa kulia ukichoka anahamishia kushoto. Kule kwenye makorongo, gari linaruka na yeye anatikisa. Akanihakikishia kwa fahari kwamba halikuganda hata tone moja.

Tonge liliniponyoka likaangukia kwenye mlenda. Ndani ya zile chupa tunaweka dawa ya kuzuia damu isigande, zile mara nane ni za kuichanganya tu, inatosha. Damu ikitikiswa kwa fujo, seli nyekundu zinapasuka. Na seli nyekundu, mama, hata za mtu mwenye afya ya ng'ombe, zimejaa vile vidogo viwili nilivyokuwa navihesabu! Ni vya humo, vya kila siku, havina ugonjwa wowote. Zikipasuka vinamwagika vyote, na mashine inahesabu ilichopewa. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mjomba akadhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni akaninywesha maji. Nilishindwa kumwambia. Ningemwambiaje, na mkono aliuchosha kwa upendo?

Umeshaelewa, naona. Namba kumi na saba ilikuwa wewe.

Sasa nipige magoti hapa hapa kwenye karatasi, maana sikutakiwa kulijua hilo. Damu zote tunazipa namba, majina yanabaki kwenye daftari moja ndani ya droo ya mwalimu wangu, Dokta Debora, na hakuna ruhusa ya kulifungua mpaka kazi iishe. Tuliweka sheria hiyo ili mtu asihesabu kwa macho ya upendeleo, na ili siri za watu zikae. Nilisaini kwa mkono wangu. Lakini siku ile ya majibu, yeye yuko kikaoni, nilivuta droo. Nilijiambia naangalia tu kama ni mzee au kijana. Nikakuta jina lako. Nilikuibia siri yako, mama, nikaibeba mwezi mzima bila kukuambia, nikakupigia makelele juu ya chai badala ya kukuambia ukweli. Na tarehe ishirini na nane, nilipokuja na nesi kukutoa damu upya, nilikudanganya kwamba ile ya kwanza ilivunjika. Ukanifokea kwamba watu wa chuo mnaangusha damu za watu kama mayai. Nikainamisha kichwa. Haikuvunjika. Nisamehe.

Dokta Debora nilimwambia habari ya droo na ya chupa iliyotikiswa Jumatatu ile baada ya Mjomba kuondoka. Alifunga mlango. Ni mama mpole, lakini siku hiyo nilitamani sakafu ifunguke. Alinisomesha sheria zetu kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtoto wa chekechea. Akaniambia kipimo chetu bado tunakijaribu chenyewe, hakijapata haki ya kumwambia mtu yeyote kwamba ni mgonjwa, na anayeshukiwa anapelekwa hospitali akaangaliwe koo kwa kamera, hasubiri mtu alie chini ya shuka. Kisha akaniuliza kama nimesoma daftari la rangi. Mama, damu ikishazungushwa kwenye mashine, juu yanabaki maji ya manjano. Yakiwa mekundu au ya pinki, damu hiyo imepasuka na haifai. Nurdini ndiye aliyezizungusha, na anayehesabu lazima asome daftari lake kwanza. Tukalifungua. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa kuku: kumi na saba, pinki kidogo, irudiwe. Lilikuwa mezani kwangu wiki zote hizo, chini ya kikombe changu. Nililofungua ni daftari nililokatazwa, nikaliacha nililoagizwa kulisoma.

Nimeandika barua ya kukiri kosa kwa kamati ya chuo, funguo za droo sasa zinakaa na Nurdini, na vyombo vya maabara naviosha mimi mpaka mwisho wa mwezi. Nurdini ananiletea kimoja kimoja kwa madaha, anauliza kama hiki nacho nimekisoma. Kumwomba msamaha nimemwomba, kasema atafikiria.

Lakini mpaka hapo, mama, hatukuwa na hakika. Pinki ile ilinipa tumaini, haikunipa jibu. Huenda seli zilipasuka na bado ugonjwa upo. Ile damu ya pili niliibeba mwenyewe mapajani, nimeinyoosha wima, dereva anaenda mwendo wa harusi. Nurdini akaizungusha akaniita nione: maji ya manjano, safi kama mafuta ya alizeti. Sikuruhusiwa kuihesabu. Dokta Debora aliihesabu yeye, akanituma kuosha vyupa chumba cha pili, nikavunja viwili.

Alhamisi saa nne asubuhi akatokea mlangoni akasema vile vidogo viwili viko chini, pale pale walipo wale kumi na sita wengine. Hesabu yako haina tofauti na ya wenzako, mama! Nilipiga vigelegele kwenye korido ya chuo, vile vyenu vya kumpokea bibi harusi, hadi mlinzi akaja mbio na kirungu chake. Nurdini akamwambia atulie, ni mtu amefaulu mtihani. Ile barua ya chini ya godoro nimewashia jiko, na chai iliyoiva juu yake nimeinywa kwa jina lako.

Halafu sikia maajabu. Dokta Debora alipopata habari kamili ya Mjomba na beseni la mbuzi, alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, akasema hilo ni jambo la kupimwa. Damu nyingi za vijijini zinasafiri kwenye makorongo kama yetu, nani ajuaye ni ngapi zimetikisika na kumtia mtu hofu bure, au kuwachanganya watafiti wakadhani wamegundua kitu? Kwa hiyo Ijumaa nilitolewa damu yangu, tukaigawa kwenye chupa nane, Nurdini akazitikisa, nyingine dakika tano, nyingine ishirini, nyingine saa nzima kwa kupokezana mikono. Kadiri ulivyotikisa ndivyo vile vidogo viwili vilivyopanda, ngazi kwa ngazi. Tunaurudia utafiti huu kwa watu wengine, na mwezi wa tisa nitaueleza mbele ya wageni pale chuoni. Kwenye karatasi una jina refu. Maabara tunauita kipimo cha Mjomba.

Nakuomba uje siku hiyo. Vaa kile kitenge cha kwaya. Nitakuonyesha hadubini na mashine, na hata ile droo kwa mbali. Na uje na moyo uliokwisha kunisamehe, kama unao. Kama bado haujatosha, njoo hivyo hivyo unifokee uso kwa uso, nimekumiss hata kwa kufokewa.

Na chai yako kunywa, nimekuondolea marufuku. Ila iache ipoe kidogo kwanza. Hilo siyo la mashine wala namba, vinywaji vya moto sana kweli vinaumiza koo, na mimi nitakupigia kuuliza hata ukiniita mkwe.

Mpe baba shikamoo yangu, mwambie nakuja kumsaidia kuhesabu ndama maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Wifi Paulina mbusie watoto wake wote, na aipunguzie simu sauti. Wanakwaya na mwalimu Elieza wasalimie, mwambie nimekitumia kiganja chake bila ruhusa. Bwana awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako, na mama yako kwa jina,

Anyesi

Nilisahau. Mjomba bado hajui kitu. Mwambie wewe, dada yake, siku mtakayokuwa mnacheka, na usimwache ajilaumu hata kidogo. Nimemwonyesha sasa hivi bahasha atakayoibeba, nikamwambia ni karatasi tu, haigandi, aiweke mfukoni atulie. Amenitazama kwa hiyo miwani yake mipya, hajaelewa neno.